Bibi Aliyefutwa kwenye Insha

Kila jioni Chiriku aliporudi kutoka shuleni, alivua sare, akafua soksi, kisha akaketi na bibi yake kwenye kibaraza cha nyuma kupukuchua mahindi. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Bibi alikuwa na miaka themanini na mmoja. Macho yake yalifunikwa na mtoto wa jicho, lakini vidole vyake havikuhitaji macho. Gunzi lilitoka mikononi mwake tupu, bila hata punje moja.

Wiki ile palikuwa na kazi nyingine zaidi ya mahindi. Mwalimu wa darasa aliwaagiza wanafunzi waandike maisha ya mzee mmoja wa nyumbani kwao. Insha tatu nzuri zaidi zingesomwa mbele ya wazazi siku ya Ijumaa.

“Haya, mjukuu wangu, andika,” alisema Bibi. “Nilizaliwa shambani, wa tano kati ya watoto tisa. Shule niliianza na miaka kumi, maana kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Unajua kuamia ndege?”

“Sijui, Bibi.”

“Unapanda juu ya dungu, kile kilingo cha miti shambani, alfajiri, unagonga debe na kurusha mawe ili ndege wasimalize mtama. Nilijifunza kuhesabu kwa kuwahesabu wao, nao hawatulii. Nilipofika shuleni, hesabu za ubaoni hazikunisumbua.”

Akaendelea. Alipofika miaka ishirini akawa mwalimu kwenye shule ya vyumba viwili, na hapo alifundisha miaka thelathini na minane. Kabla ya kengele alikuwa ameshalima matuta mawili, akanawa miguu kwenye ndoo mlangoni, akaingia darasani. Mumewe alifariki wakati mtoto wa mwisho, mama yake Chiriku, bado ananyonya. Basi akambeba hadi darasani, akamlaza ndani ya kikapu nyuma ya meza. Akilia, wanafunzi walisoma kimya huku mwalimu wao akimnyonyesha. Watoto wanne walikula kwa jembe lile na kusoma kwa chaki ile.

Chiriku aliandika yote. Lakini kesho yake, jirani yake wa dawati alimwonyesha insha yake, na picha ya babu yake aliyekuwa hakimu, amevaa joho.

“Na bibi yako alikuwa nani?” akauliza.

Ulimi hauna mfupa. “Alikuwa mkuu wa chuo,” alijibu Chiriku. “Mjini.”

Jioni alichana kurasa zote mbili, akaandika upya. Siku ya Jumatano, Bibi akamwomba amsomee. Sasa afanyeje? Chiriku alifungua daftari, akalitazama, kisha akatamka kwa kichwa yale yale aliyosimuliwa. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

“Umekumbuka mengi,” alisema. “Ahsante.”

Insha yake ikachaguliwa. Alimsihi mama yake amwache Bibi nyumbani, eti jua kali litamchosha. Mama hakukubali. Ijumaa Chiriku aliposimama mbele ya wazazi, Bibi alikuwa safu ya kwanza, ameketi wima kama mtahiniwa. Angeweza kusema anaumwa tumbo. Angeweza kusema kweli. Lakini yule wa dawati lake alikuwa anamtazama, naye akasoma.

“Bibi yangu alizaliwa mjini, katika nyumba ya ghorofa. Hakuwahi kushika jembe. Alikuwa mkuu wa chuo, na watoto wake walilelewa na yaya wawili.”

Watu walipiga makofi. Mama alitazama sakafu. Bibi alipiga makofi pia, polepole, na hayo ndiyo yaliyomchoma Chiriku kuliko yote. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Walipofika nyumbani, Mama alisimama mlangoni na mkoba wake bado mkononi.

“Mwanangu, mimi nililelewa na yaya gani?”

Mama akaingia ndani. Bibi alibaki kibarazani, na baada ya kitambo akasema, “Yule mkuu wa chuo uliyemsoma ni mtu mzuri. Ila sijawahi kukutana naye.”

Hapo machozi yakamtoka Chiriku. “Nisamehe, Bibi. Niliona aibu ya jembe. Babu wa mwenzangu alikuwa hakimu.”

“Nilijua tangu Jumatano kwamba husomi. Nimesikiliza watoto wakisoma miaka thelathini na minane. Anayesoma hukwama kwenye neno na hugeuza ukurasa. Wewe ulikuwa unasimulia. Nikadhani hujamaliza kuandika na unaona haya kuniambia, nikakusitiri.”

Neno hilo lilimwingia Chiriku mpaka ndani. Bibi alimsitiri, naye akamwonea aibu.

“Sasa nifanye nini?”

“Ulidanganya mbele za watu. Kaseme kweli mbele za watu.”

Jumatatu Chiriku alikwenda kwa mwalimu, akaeleza kila kitu.

“Utasema darasani,” alisema mwalimu. “Lakini wazazi nao walisikia. Utaiandika insha ya kweli kwa mwandiko mzuri, tutaibandika kwenye ubao wa matangazo, pale getini.”

Darasani wachache walicheka. Jirani yake wa dawati hakucheka, alikasirika. “Nilishawasimulia nyumbani habari za chuo chako,” alisema, akavuta daftari lake mbali. Wakati wa mapumziko Chiriku aliandika insha ya kweli peke yake, ikabandikwa getini.

Saa za kutoka, Mama alifika na Bibi. Wazazi walikuwa wamesimama mbele ya ubao. Mama alisogea, akamsomea Bibi kwa sauti. Alipofika kwenye kikapu nyuma ya meza, alikwama, ikabidi aanze upya mstari ule.

Bibi alitikisa kichwa kukubali. “Mjukuu wangu,” alisema, “wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Kazi ya halali haina aibu. Aibu ni kuwafuta waliokubeba ili upendeze machoni pa watu. Ukinifuta mimi, mama yako amezaliwa na nani? Na wewe je?”

Chiriku aliushika mkono wa bibi yake, mkono ule mgumu wa jembe, wakavuka barabara pamoja huku darasa zima likiwatazama.