Mlango wa Kaburi la Fundi Mesidor

Asubuhi ile nilikuwa nachambua mbaazi uani, mdogo wangu Odilon akarudi na bati zito begani. Hapa Noaj, kijiji cha wafua chuma, tunakata mapipa ya mafuta kuwa nguva, malaika na ndege, lakini tangu wenye bunduki wafunge barabara mapipa hayaji. Majirani wamehama. Sisi tumekimbia, tukarudi, tukakimbia tena, mpaka hata woga ukatuchoka.

"Umelitoa wapi?"

"Makaburini. Mlango wa Fundi Mesidor."

Fundi aliyemfundisha kazi, tuliyemzika kwenye kijumba cha saruji chenye mlango wa bati!

"Umemwacha wazi, Odilon?"

"Dada, mikono inaoza hii. Nikikaa bure, hao watakuwa wamenimaliza bila hata risasi."

Kwetu chuma huchomwa kwanza kwa majani makavu ya migomba, kitokwe na kila kilichokuwa ndani yake. Odilon hakukichoma. Moshi ungewaambia wenye bunduki kwamba bado tupo. Alichora nguva kwa chaki, akaifunga nyundo kitambaa, akaanza kugonga taratibu.

Mchana akaingia ndani kunywa maji. Kule kibandani alikoliacha bati, nyundo ikaendelea.

Kwa nguvu. Bila kitambaa.

"Nani yuko huko?" nikanong'ona.

Odilon akaweka kikombe chini. "Mbili fupi, moja ndefu. Fundi Mesidor ndiye aliyekuwa akigonga hivyo."

Mlio ulifika hadi barabarani. Pikipiki ikazimwa nje ya ua. Tukajitupa chini ya kitanda, nikamziba Odilon mdomo. Kwenye upenyo wa mlango niliwaona wakipita, vijana watatu, bunduki mabegani, nyuso za kitoto kabisa.

"We babu, huchoki?" mmoja akacheka. "Hebu toka!"

Nyundo ikanyamaza.

Mtu akapiga yowe. Mwingine akamwita mama yake.

Kisha nyundo ikaanza tena. Mbili fupi. Moja ndefu.

Iliponyamaza jua lilikuwa limeshainama. Tulitoka tumeshikana mikono. Pikipiki ilikuwa palepale. Bunduki zilikuwa chini. Vijana hawakuwepo, wala tone la damu.

Nguva wa chaki alikuwa amefutika. Mahali pake zilikuwa zimekatwa nyuso nne, kazi safi ambayo Odilon hajawahi kuifikia. Tatu zilikuwa za wale vijana, midomo wazi, macho yametobolewa.

Ya nne ilikuwa ya mdogo wangu. Macho yake yalikuwa bado ya chaki, hayajatobolewa.