Umri wa Mama Sang

Kila siku ya soko, Qian na mama mkwe wake, Mama Sang, walikula uji wa mtama mapema, kisha wakabeba mitungi miwili ya soya iliyochachushwa kwenda kuuza mjini. Qian alibeba mtungi mkubwa. Mama Sang alibeba mdogo, na maneno ya njia nzima.

Mwezi wa saba, mgambo wa soko aliwakuta wamekaa karibu mno na njia. Hakuuliza kitu. Aliusukuma mtungi kwa mguu, na kikongwe alipojaribu kuuzuia, akamsukuma naye. Mama Sang akaangukia mkono. Baada ya siku kumi mkono ulipona, lakini soko hakutaka hata kulisikia. Alishinda jikoni kimya, na kimya hicho kilimtisha Qian.

Jirani yao, Mzee Pei, alikuwa karani wa tarafa kwa miaka mingi. Aliposikia habari ile, alimuuliza Qian umri wa mama mkwe wake.

"Sitini na minane," Qian alijibu.

"Bado kidogo. Akifika sabini, serikali humpa bakora yenye sanamu ya njiwa kichwani. Mwenye bakora ile hakuna mgambo wa kumgusa. Akimgusa, anashtakiwa. Na akiuza vitu vyake sokoni, hatozwi ushuru. Jina lake limeandikwa?"

Halikuandikwa. Tangu mafuriko yalipowahamisha, Shou, mume wa Qian, alikwepa kumwandikisha mama yake. Alidhani kila jina jipya linaongeza kodi ya kichwa. Mzee Pei akamweleza Qian kwamba kodi hiyo haimhusu mtu aliyepita miaka hamsini na sita. Kumficha mtu ni kosa, tena anayeumia ni yule aliyefichwa, kwa kuwa serikali haimjui. Mwezi wa nane makarani huhesabu watu kwa macho. Waende wakati huo, pamoja na majirani wa kuwashuhudia.

Qian alimsimulia mama mkwe wake hayo yote huku akimchana nywele. Mama Sang alimrudisha mara mbili kwenye habari ya bakora.

"Qian, nikikwambia neno, utanicheka?"

"Nitajizuia, mama."

"Nina sabini na mmoja. Nilipoolewa, nilimwambia marehemu mume wangu kwamba amenizidi mwaka mmoja. Kumbe mimi nimemzidi miwili. Alipenda sana kuniita mdogo wangu. Basi nikaacha hivyo hivyo."

Qian alishindwa kujizuia. Wakacheka wote wawili hadi kitana kikaanguka.

Mwezi wa nane walikwenda na majirani wa nyumba nne, ambao walithibitisha kwamba mama huyu anaishi kwa mwanawe. Karani akauliza umri. Shou alifungua kinywa, lakini mama yake akamtangulia: "Sabini na mmoja." Karani akataka ushahidi. Mama Sang akamwomba atafute jina la Sang Du wa kijiji cha ng'ambo ya mto, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni. Karani akakunjua vibanzi vya mianzi vilivyoandikwa majina ya watu, akasoma: Sang Du, miaka sitini na tisa.

Shou alihesabu kwa vidole, halafu akamtazama mama yake.

"Mama, baba alijua?"

"Hakujua. Na utakapomtolea sadaka, usimwambie."

Kabla ya majira ya baridi, bakora ilifika. Mama Sang alirudi sokoni na mtungi wake na maneno yake, na mgambo sasa humpisha njia. Wanawake wa mtaani wakaanza kuja kumuuliza alifanyaje. Huwaambia wawaandikishe wazee wao, waende na majirani, na wataje umri wa kweli.

Ila siku za kumtambikia marehemu mumewe, kabla ya kuingia chumbani penye meza ya sadaka, humkabidhi Qian bakora aifiche nje. Kisha huingia polepole, ameshika ukuta, kama mwanamke wa miaka sitini na minane.