Picha Mia Mbili za Mama wa Fundi Saa

Kila Jumamosi, akishafagia studio, Chapuchapu alikaa kwenye kompyuta ya shangazi yake, mpiga picha. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu hata chai aliinywa ikiwa bado inachemka. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vijipicha vya tovuti. Kaka yake alikuwa amewaandikia skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta huyafuata yenyewe: unaionyesha folda, nayo inapunguza ukubwa wa picha zote kwa mkupuo mmoja. Shangazi aliweka sharti moja tu: nakili kwanza, ndipo upunguze, ili zile kubwa zibaki.

Jumamosi moja wenzake walikuwa wakimsubiri wakaruke kamba. Akaona kunakili ni kupoteza muda. Kufumba na kufumbua, skripti ikamaliza. Akafungua picha mojawapo. Ilikuwa ndogo kama stempu, na alipoikuza, uso wa bibi kizee uligeuka viraka vitupu. Alifungua nyingine, na nyingine. Zote mia mbili zilikuwa hivyo hivyo.

Akainuka atoroke, lakini mlangoni akakutana na fundi saa, jirani yao. Mzee huyo alisalimia taratibu, akavuta kigoda na kuketi pale pale kizingitini. Mama yake alikuwa amefariki wiki iliyopita. Alikuja kuomba picha moja kubwa ya kutundika sebuleni, kwa kuwa zile mia mbili zilizokuwa kwenye kompyuta ndizo picha za mwisho alizopigwa bibi huyo.

Chapuchapu akarudi kitini. Mbele yake kompyuta, nyuma yake ukuta, mlangoni mwenye mali. Aliwaza kusema kompyuta imeharibika. Aliwaza kumsingizia kaka yake. Kila njia aliyoiwaza ilimrudisha kwenye picha zile zile.

Shangazi akatoka chumba cha ndani, akasimama kando yake ameshika kamera, akijiandaa kufuta picha kwenye kadi yake kwa ajili ya kazi ya mchana.

"Za mama yake fundi ziko salama humo kwenye kompyuta, sivyo?" akauliza, kidole kikiwa juu ya kitufe.

Kusema "ndiyo" kulikuwa rahisi mno.

"Shangazi, usifute," akasema, machozi yakimtoka. "Sikunakili. Nimeziharibu zote."

Shangazi alishusha kamera polepole. Akachomoa kadi, akaichomeka kwenye kompyuta. Bibi kizee akajaa kwenye kioo, na kila kunyanzi likaonekana. Fundi saa akasogea, akavua miwani, akaifuta.

Kamba haikurukwa siku hiyo. Chapuchapu alirudia kazi yote, akianza na kunakili. Jioni, wakifunga studio, shangazi alimshika bega.

"Haraka yako ingetugharimu, mwanangu, ila kila mtu hukosea. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo ungenyamaza, tungemzika mama wa watu mara ya pili."