Kidonda cha Panya wa Bibi Bhagwati

Sogeeni, jamani, na aliyesimama mlangoni aingie au atoke, maana haya nitayasema mara moja tu. Mimi ni Mgeni binti Mrisho, muuza mapazia ya mitumba pale Mchikichini. Wengi wenu mnanijua kwa mdomo wangu. Mmesikia mengi kuhusu nyumba yangu, na mengine nimeyasikia mwenyewe yakipita dirishani. Leo sikieni kwa mwenye nyumba.

Tuliishi vizuri, mimi na mume wangu Abdulkadiri, chumba na sebule, ghorofa ya kwanza nyuma ya Mtaa wa Narung'ombe. Asubuhi yeye anachemsha chai, mimi nakaanga chapati, tunakula huku tukiwasema watu. Kisha ananing'iniza spika yake ya kunadia begani na kuingia Kariakoo kuuza sumu ya panya. Watu walimcheka kwa kazi hiyo, lakini hakuna mtu mjini hapa anayewajua panya kama yeye. Anajua wanapopita, wanachokula, na kiasi gani kinamtosha mdogo na kiasi gani mkubwa.

Sasa kuna jambo lazima niliseme, ingawa kulisema mbele ya wanaume kunanitia haya. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji. Uvimbe ulikuwa mkubwa, wakautoa pamoja na kizazi. Mtoto tulikuwa hatujapata, basi ikawa ndiyo basi. Niliporudi nyumbani, Abdulkadiri alimleta dada yake Ummy anihudumie, yeye akabeba spika akaenda kazini. Ummy ndiye aliyenisafisha kidonda, Ummy ndiye aliyenishika mkono kwenda bafuni. Mume wangu alikuwa akiingia, ananiuliza kama nimekula, anaangalia ukuta, anatoka. Kidonda kikapona, kovu likabaki, na hakuwahi kuliangalia hata siku moja. Sikusema kitu. Nililifunika kwa kanga nikaendelea na maisha.

Juu yetu anakaa Bibi Bhagwati, mjane wa Kihindi, watoto wake wote wako ng'ambo. Mnamjua. Huyu bibi ana picha ya Mungu wao Ganeshi sebuleni, na chini ya miguu ya Ganeshi yupo panya, kwa hiyo kwake panya hapigwi wala hauawi. Alikuwa akimfuga mmoja mweupe, jina lake Moti, anayelala kwenye tundu la waya na kulishwa mtindi kwa kijiko. Moti akaota uvimbe kwapani. Daktari wa mifugo akampasua, akamshona, akamrudisha na maagizo marefu kuliko niliyopewa mimi hospitali.

Bibi mikono inamtetemeka, dawa ya matone hawezi kuipima. Akashuka ngazi polepole mpaka mlangoni kwetu, akamwomba muuza sumu amuuguzie panya wake siku kumi. Abdulkadiri akacheka, kisha akakubali. Tundu likawekwa mezani kwetu, pale pale tulipokuwa tunanywea chai.

Nawaambia, niliona mambo. Mume wangu alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kumgusa. Alimtandikia kitambaa safi, kwa sababu maranda ya tunduni yangeingia kwenye kidonda. Alijaza chupa maji ya moto, akaifunga taulo, akamwekea ubavuni apate joto. Alimnywesha dawa kwa bomba dogo lisilo na sindano, tone moja, anasubiri ameze, tone la pili. Asubuhi na jioni alimgeuza, akawasha tochi ya simu, akainama kuzitazama nyuzi moja moja. Chai akasahau kuchemsha.

Roho iliniuma, jamani. Nilikaa kwenye kochi nikimwangalia mwanamume aliyeshindwa kunitazama mimi, akimtazama panya. Jirani yetu Fortunata aliingia kuomba chumvi, akaona, akaniambia nimeletewa mke mwenza mwenye mkia. Tukacheka wote. Alipotoka nikalia jikoni, kisha nikanawa uso.

Siku ya nne Moti akaanza kuzitafuna nyuzi. Daktari alishasema avalishwe kitu cha kumzuia. Nilirudi kutoka Mchikichini nikamkuta amevaa kigauni kidogo cha manjano, mume wangu kakikata matundu manne ya miguu, anajisifu kwa ushonaji. Nikakitambua. Ilikuwa soksi ya mtoto mchanga. Nilizipata ndani ya belo la mitumba miaka sita iliyopita, jozi mpya kabisa, nikaziweka chini ya sanduku langu kwa ajili ya mtoto wetu. Yeye alikuwa akitafuta kitambaa laini, akazikuta, akachukua. Wala hakukumbuka ni za nini.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo huu mnaouogopa sokoni, siku hiyo haukufunguka. Nilimwambia panya wake amependeza, nikaenda kukosha vyombo.

Kesho yake mchana Abdulkadiri aliniachia mgonjwa, akaniagiza nisimvue soksi kwa namna yoyote. Alipotoka tu nilifungua tundu. Moti alikuwa mpole, alinijia mwenyewe mkononi. Nikamvua ile soksi, nikaifua, nikaianika dirishani, nikatoka kwenda kukusanya mapazia yangu. Sitawadanganya kwamba nilisahau. Nilijua Moti atafanya nini, na nilitaka afanye.

Niliporudi baada ya saa mbili kitambaa kilikuwa chekundu. Nikaogopa, nikamvalisha tena soksi juu ya damu, nikafunga tundu, nikakaa. Mume wangu aliingia, akainama kama kawaida yake, kisha akapiga kelele. Alimbeba panya kifuani, akatoka mbio kwenda kwa daktari, nami nikimfuata nyuma. Tulikuwa tunakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja aliposimama. Moti alikuwa ameshakata roho mikononi mwake. Watu wanapita, wanamtazama mtu mzima analia na panya, wengine wanapiga picha.

Sasa sikilizeni kilichonipata. Sumu anayouza mume wangu inaua kwa damu. Panya akiila, damu inakataa kuganda, anavuja mpaka anakwisha. Soksi ilizificha nyuzi zilizotafunwa, na Abdulkadiri alipoona damu haikatiki, hakuwaza kitu kingine. Aliamini mabaki ya sumu yalikuwa kwenye mikono yake, hata baada ya kunawa kote kule, na kwamba tone kwa tone alikuwa akimuua mgonjwa wake. Alipanda ngazi akamwambia Bibi Bhagwati hivyo hivyo. Bibi hakumtukana. Alipokea lile tundu, akafunga mlango. Mtaa mzima ukajua, na nyie mlicheka, msikatae. Muuza sumu kapewa panya alee.

Aliacha kwenda kazini. Alinawa kwa sabuni, akanawa kwa majivu, mpaka ngozi ikapasuka kwenye vidole. Alikula kwa kijiko. Chai hakuichemsha tena. Nikikaa karibu yake anasogea. Jumatano nilimshika mkono, akauchomoa.

"Usinishike," akasema. "Nisije nikakuua na wewe."

Mnaona? Nilitaka mkono wake juu ya kovu langu, na sasa ulikuwa haugusi hata kikombe changu. Nilivumilia siku tatu. Ijumaa asubuhi, kabla hajaenda kunawa kwa mara ya ngapi sijui, nilikaa chini sakafuni mbele yake, nikamwambia yote. Soksi, dirisha, mapazia, damu. Sikubakiza.

Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia kwamba nilipopasuliwa mimi hakuniangalia. Nikamwambia zile soksi zilikuwa za nani.

"Kovu lako niliogopa, Mgeni," akasema. "Kila nikitaka kuliangalia naona siku uliyobebwa kuingizwa chumba cha upasuaji. Yule alikuwa panya wa mtu, nikaweza. Nikawa najiambia nikiweza hili, nitaweza na lako."

Akaniomba nifungue kanga. Mara ya kwanza tangu mwaka jana mume wangu aliliangalia kovu langu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na akapitisha kidole juu yake taratibu kama alivyokuwa akimpapasa Moti. Nililia kwa furaha, wallahi, nikadhani yamekwisha.

Akanifunika. Akasimama, akatoa begi juu ya kabati, akaweka nguo zake.

"Ningeweza kukaa na mke mwenye wivu," akasema. "Lakini uliniona nikijimenya ngozi siku tatu, ukanyamaza."

Alipanda kwa Bibi Bhagwati kumweleza ukweli, akashuka, akaenda kwa kaka yake Buguruni. Mwezi wa pili huu hajarudi. Mimi nami nilipanda kwa Bibi. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho. Tangu siku hiyo nampandishia maji yake kila asubuhi. Anayapokea mlangoni. Ndani hajanikaribisha.

FUNZO

Mnataka niseme wivu ni mbaya. Hilo mnalijua tangu utotoni na bado mnaufuga majumbani mwenu, tena mnaulisha. Mimi nasema hivi: ukiumia, sema. Sema siku hiyo hiyo, sema vibaya, sema ukilia, mradi useme kwa yule aliyekuumiza. Nilimwonea wivu panya kwa sababu alipata nilichonyimwa, lakini nilichonyimwa sikuwahi kukiomba hata kwa neno moja. Nikamwadhibu asiye na kosa, nikamwacha mwenye upendo abebe kosa langu.

Na nyie wanaume mnaoangalia kando mke akiugua, mkidhani kuwaleta dada zenu kunatosha: funueni hiyo kanga muangalie. Hofu yenu mwenzenu anaisoma kuwa hamumpendi.

Na ukishatenda ubaya, usilale nao siku tatu. Panya wa Bibi nilimuua kwa saa mbili. Nyumba yangu niliiua kwa zile siku tatu za kunyamaza. Haya, nendeni makwenu, na anayempitia Abdulkadiri huko Buguruni amwambie hivi: mkewe amesema mbele za watu.