Mla Mikato

Jumatatu saa mbili asubuhi, wodi ya wazazi iliandikisha mtoto mchanga wa kilo thelathini na nne. Mama yake mwenyewe alikuwa na kilo hamsini na nane, amekaa kitandani anakunywa chai, wala hajui kama amevunja rekodi ya dunia.

"Fundi, njoo uone maajabu," Mfamasia alimpigia simu, kicheko kimembana. "Huyu mtoto kesho anaomba kazi ya ulinzi."

Fundi, mtunza hifadhidata wa hospitali, naye alicheka. Aliujua ugonjwa ule. Mizani na mashine zote pale ziliandika kwa mkato: 3,4 maana yake kilo tatu na pointi nne. Lakini ziko nchi ambako mkato ni wa kutenganishia maelfu tu, na seva ikidhani iko huko, huumeza mkato, ikabaki 34. Alifungua mipangilio akakuta ndivyo: seva ilikuwa imehamia ng'ambo bila pasipoti. Akairudisha nyumbani.

Ila kicheko hakikumfika tumboni. Binti yake wa miaka minne, waliyemwita Kifaranga, alikuwa na kifafa. Dawa yake ilitoka kwenye dirisha la Mfamasia, na kibandiko cha chupa kilichapwa na seva hiyohiyo: mililita 2,5 asubuhi na jioni. Mililita ishirini na tano zingemlaza asiamke.

Jumatano seva ikawa imehama tena. Safari hii Mfamasia hakucheka.

"Nimempokonya babu wa watu kikombe mdomoni, Fundi! Sabini na tano badala ya saba na nusu."

Mkurugenzi naye alisema maneno machache: ikijirudia, Fundi afungashe virago.

Mchana huo aliingia chumba cha seva, jua likiwaka dirishani. Palinuka nywele zilizoungua. Alikagua nyaya zote, hakuna iliyoungua. Kibodi ilikuwa imechomolewa, imelala juu ya kabati, lakini kitufe kimoja, cha mkato, kilikuwa kimezama chini kama kimekandamizwa na kidole, na alipokigusa kilikuwa cha moto. Kisha akasikia, nyuma ya kabati, kitu kinatafuna polepole, kama mtu anayekula mtama mkavu na hana haraka.

Alitoka mbio akamkumba Pacha mlangoni.

Pacha hakuwa ndugu yake wa damu. Waliajiriwa siku moja, wakakaa meza moja miaka kumi na mitano, watu wakawaita mapacha. Usiku ule Kifaranga anazaliwa, Fundi alimwachia Pacha neno lake la siri amshikie zamu, na hakuwahi kulibadilisha. Umbadilishie Pacha kufuli, kwani yeye mwizi? Jumapili iliyopita tu alikuwa amekuja nyumbani na biskuti, akakaa na mtoto alasiri nzima.

"Hiyo si hitilafu, ndugu yangu," Pacha alinong'ona. "Hilo ni jini. Namjua mganga."

Mganga alikuja kesho yake saa kumi na moja jioni, watu wakiwa wameshatoka kazini. Alivaa suti, akabeba mkoba, akaomba kiyoyozi kipunguzwe maana ana kifua. Fundi angecheka, siku nyingine.

"Sikilizeni," mganga alisema. "Jini halitupwi hewani kama taka. Kila jini lina mwenyewe. Nikilitoa hapa, litakwenda kwa mwenyewe."

"Litoe tu, mzee wangu," Pacha alidakia, mgongo umegota mlangoni. "Habari za mwenyewe tutazijua mbele."

Mganga akaanza kusoma chini kwa chini, na taa za seva zikaanza kupepesa zote pamoja kama macho ya kundi la paka, harufu ya nywele ikapanda mpaka ikawa ladha mdomoni, ule utafunaji ukatoka nyuma ya kabati ukapita ukutani, ukapita darini, ukashuka hadi nyuma ya sikio la Fundi, karibu hata akahisi pumzi, pumzi ya baridi yenye chembechembe, ikamzunguka kichwa mara moja, mara mbili, kama mtu anayesoma sura ili asimkosee mwenye mzigo, kisha ukakata.

Kimya. Kwenye skrini namba zikarudi moja moja: 3,4. 7,5. 2,5.

"Limekwenda," mganga alisema, akifunga mkoba.

Fundi alicheka hadi machozi. Ndipo, kwa mazoea ya kazi, akapitia orodha ya majedwali ya hifadhidata. Palikuwa na moja ambalo hakuliumba. Halikuwa na jina wala kitu ndani. Kila jedwali lina sehemu ya mmiliki, na pale liliandikwa jina lake Fundi, kwa neno lake la siri, Jumapili saa nne asubuhi. Jumapili saa nne alikuwa nyumbani, anamlisha Kifaranga.

Aligeuka. Pacha alikuwa anatazama viatu vyake.

"Lilikuwa kwangu miezi mitatu," Pacha alisema. "Lilianza na dawa ya presha ya mama. Likasema litaondoka nikilipa jina la mtu mwingine."

"Ukalipa langu."

"Mimi nina watoto watatu. Wewe unaye mmoja."

Miaka kumi na mitano, na jamaa alikuwa ameshapiga hesabu. Fundi alikuwa anapiga simu nyumbani.

"Afadhali umepiga, baba Kifaranga," mkewe alisema. "Chupa inasema ishirini na tano. Daktari ameongeza? Nimeshaanza kupima ya jioni."

"Weka chini! Usimpe hata tone!"

Alifika akihema. Kibandiko kilikuwa kilekile cha mwezi uliopita, ila mkato haupo. Akachukua kalamu, akauchora. Mkato ukatikisika, ukateremka chupani kama siafu, ukapotea chini ya meza. Akauchora tena, ukashuka tena. Akafikiri kidogo, kisha akabandika karatasi juu ya chupa, akaandika kwa maneno matupu, herufi kubwa: MBILI NA NUSU. Herufi zikatulia.

"Basi, hilo jini litafune hayo," alimwambia mkewe, akacheka kidogo. Alipima dawa mwenyewe, akaipeleka chumbani.

Kifaranga alikuwa amejibana ukutani, ameacha kitanda chote wazi.

"Mbona umejibana hivyo, mama?"

"Namwachia nafasi," mtoto alinong'ona. "Baba mdogo Pacha alisema mgeni wake akija, alale na mimi."

Godoro kando yake lilikuwa limebonyea. Na pale palipobonyea, polepole, bila haraka, kitu kilikuwa kinatafuna.