Usimwambie Njiani

Foleni ya sabuni mbele ya duka la kijiji cha Runazi ilikuwa imejikunja mara mbili asubuhi ile ya Januari 1979, na kila aliyekuwamo alikuwa na la kumwambia mwenzake. Vita vilikuwa vimekula sabuni, sukari, chumvi na vijana. Matiasi Havyarimana, tarishi wa kata, alikuwa akipita kando ya foleni na barua za Katibu Kata, akipiga kengele na kusema, "Pisha, pisha, kazi ya serikali," mara baiskeli ikamgomea. Akakanyaga pedali kwa nguvu zaidi. Msichana mmoja akapiga ukelele.

Mnyororo ulikuwa umeuma pindo la kitenge chake.

"We kaka! Unanivua nguo mbele za watu!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Matiasi akashuka, masikio yakimwaka moto, akapiga magoti vumbini kukinasua. Kilikuwa kitenge cha njano chenye ndege wa kijani, na ndege mmoja sasa alikuwa mweusi kwa grisi. Alipoinua kichwa akakutana na macho makubwa yaliyokuwa yanajitahidi kukasirika yakashindwa.

"Samahani, dada. Nitakununulia kingine."

"Wapi? Hata sabuni ya kufulia hiki haipo."

"Basi panda nyuma nikupeleke kwenu."

"Nina miguu, Bwana Tarishi. Mungu alinipa bure, wala haidai grisi."

Huyo ndiye Deodata, binti wa Mzee Bernardo. Toka siku hiyo Matiasi hakulala vizuri, na asiyewahi kukosa usingizi kwa sababu ya mtu wa foleni asimcheke. Bahati yake ilikuwa barua. Gozbert, kaka wa pekee wa Deodata, alikwenda vitani na mgambo mwezi wa Novemba, na kila barua yake ilipofika Matiasi alisimama nje ya ua akipiga kengele mara tatu. Deodata alitoka mbio, mikono ina unga.

"Umenikumbuka mimi au barua?" Matiasi aliuliza.

"Barua kwanza. Wewe baadaye, ukiwa na tabia nzuri."

Watu hawakukosa la kusema. Matiasi alivuka mpaka kutoka Burundi na wazazi wake akiwa na miaka kumi na minne, karatasi zake za uraia zilikuwa bado zimelala mezani pa mtu, hivyo vita havikumwita. "Wenzake wanakufa, yeye anaendesha baiskeli," walinong'ona. Nong'ono hizo zilimchoma kuliko alivyokubali kuonyesha. Hata hivyo mwezi wa Julai alimtuma mjomba wake kupeleka posa, na Mzee Bernardo hakuikataa. Alisema tu, "Tumngoje Gozbert. Dada haozwi kaka hayupo."

Lakini barua za Gozbert zilikuwa zimekoma tangu Aprili. Majeshi yalikuwa yanarudi, malori yakishangiliwa kila kituo, na yeye hakushuka katika lori lolote.

Ndipo ikaja hija. Kila mwaka, kwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, waumini wa huku walikwenda Rulenge. Wenye baiskeli walitumia siku moja. Wa miguu walitumia nne.

"Twende na baiskeli, Data," Matiasi alimbembeleza. "Alfajiri tunaondoka, jioni tumefika. Hija ni moyo, mpenzi, si malengelenge."

"Nimeweka nadhiri, Mati. Toka kizingiti cha nyumba yetu mpaka Rulenge, sipandi kitu chochote. Nikipanda, imevunjika. Na nadhiri yenyewe ni ya Gozbert, arudi mzima."

"Kwa hiyo Mungu amekaa huko anahesabu hatua zako?"

Deodata aligeuka akamkabili.

"Unamdhihaki Mungu, au mimi?"

"Natania tu."

"Basi taniana na baiskeli yako."

Waliagana hivyo, kwa hasira, na msafara ukaondoka.

Siku ya pili ya msafara huo, Matiasi alichukua barua wilayani Biharamulo, iliyoandikiwa Mzee Bernardo, yenye muhuri wa jeshi. Moyo ulimlipuka lakini akajipa matumaini. Mzee hakujua kusoma. Akawaita wazee wawili wa jirani, wakaketi, akasema, "Mwanangu, tusomee." Kwa hiyo ni sauti ya Matiasi, si ya mtu mwingine, iliyotamka ndani ya nyumba ile kwamba Gozbert alifia Uganda mwezi wa Aprili, na kwamba alizikwa na wenzake kwa heshima.

Mzee Bernardo aliichukua barua, akaikunja. Kisha akasema, "Kamlete dada yake. Matanga hayaanzi bila yeye. Kesho jioni niwe naye hapa. Na usimwambie njiani."

Hakuwa na haja ya kueleza. Kwa watu wa huku mfiwa haambiwi njiani. Huambiwa kuna mtu anaumwa kidogo, hurudishwa nyumbani, huketishwa, wanawake humshika huku na huku, ndipo mzee hufungua kinywa. Anayeambiwa barabarani huangukia mawe. Matiasi alijua pia kitu kingine: mzee hamtumi mtu baki kazi kama hiyo. Alikuwa ametumwa kama mkwe.

Aliondoka kabla ya mapambazuko. Alipita Lusahunga, akapita Nyakahura, na saa sita mchana, kwenye pori lenye mbung'o wanaouma juu ya shati, akaukuta msafara. Watu thelathini hivi walikuwa wakisali rozari, miguu myekundu kwa vumbi mpaka magotini. Deodata alikuwa katikati, kitambaa cheupe kichwani, makatambuga ya tairi miguuni, kidole kimoja kimefungwa kitambaa chenye damu. Alipomwona, uso ulichanua.

"Tarishi! Umekuja kuomba msamaha?"

"Data, mama anaumwa. Panda turudi."

"Anaumwa nini?"

"Homa. Kidogo tu."

"Homa kidogo, ndiyo ikakutoa Runazi mpaka huku? Sema umenikumbuka, hapa hakuna mgeni." Wasafiri wakacheka.

"Panda, mpenzi wangu. Nakuomba."

Deodata akaacha kucheka. Akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mati, sikiliza. Mama ana baba, ana majirani. Gozbert ana mimi tu. Nikikaa kwenye kiti hicho, nitakuwa nimemwua kaka yangu kwa mikono yangu. Ndivyo unavyotaka?"

Maneno yalimpanda Matiasi mpaka kooni: amekwisha kufa, Data, miezi minne sasa. Akayameza, nayo yakashuka kama ugali wa moto. Alisimama ameshika usukani, hana mbele wala nyuma, mpaka bibi mmoja aitwaye Clotilda alipomvuta kando.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni nani?"

Matiasi alifuta vumbi kwenye usukani.

"Usiseme. Mimi nimezika watano. Hiyo homa kidogo nimewahi kuwapelekea watu mwenyewe." Bibi alimtazama Deodata, aliyekuwa anafunga upya kile kidole. "Ni yule kaka?"

Matiasi aliinamisha kichwa.

"Sasa nisikie. Ukimpandisha leo, siku atakapoambiwa atasema nadhiri ilivunjika, ndiyo maana. Utamweleza tarehe, hatasikia. Atalala na baiskeli hiyo kifuani maisha yake yote."

"Na baba yake, bibi? Ameniambia leo jioni."

"Baba yake atakukasirikia wewe. Huyu atajichukia mwenyewe. Chagua."

Matiasi alichagua. Alifunga mizigo ya akina mama wanne nyuma ya baiskeli, akaanza kuikokota.

"Unafanya nini?" Deodata aliuliza.

"Natembea."

"Na homa ya mama?"

"Majirani wapo. Umesema mwenyewe."

Deodata alifurahi, na furaha yake ndiyo iliyomtesa. Aliamini mapenzi yamemshusha mtu wake kwenye kiti. Alimtania njia nzima: viatu vya tarishi ni vya maonyesho, tarishi anachechemea kama bata, akina mama njooni mwone serikali inatembea. Alimsimulia jinsi Gozbert alivyoiba asali akavimba mdomo, akaenda kanisani hivyohivyo na kuimba. "Akirudi ataimba kwenye harusi yetu. Sauti mbaya, lakini utamvumilia."

"Nitamvumilia," Matiasi alisema, akageuza uso kama anayeangalia tairi.

Walifika Rulenge jioni ya siku ya nne. Deodata aliingia kanisani kwa magoti toka mlangoni, akawasha mshumaa, akakaa pale mpaka mshumaa ukafika nusu. Alipotoka macho yalikuwa yamevimba lakini anatabasamu. "Yuko hai, Mati. Nimesikia moyoni kabisa." Matiasi alimshika mkono.

Kesho yake baada ya misa aliomba kutumia redio ya misheni. Ilikoroma kwanza, kisha sauti ya Biharamulo ikaja kwenye kipokea sauti alichokibana sikioni.

"Naomba ujumbe umfikie Mzee Bernardo wa Runazi. Tunarudi kesho. Ova."

"Mzee alituma mtu kuuliza jana na leo. Amekasirika. Huyo binti ameambiwa? Ova."

Deodata alikuwa amesimama mlangoni, anamsikiliza, anakula muwa.

"Hajambo sana," Matiasi alisema. "Ova."

Walirudi kwa baiskeli, nadhiri ikiwa imetimia. Deodata alikaa nyuma, mikono kiunoni mwake, akiimba nyimbo za misa kutoka Nyakahura mpaka Lusahunga, mpaka Runazi yenyewe. Walipokata kona ya mwisho, wanawake walikuwa wameketi uani, wamefunga vitambaa viunoni. Matiasi aliusikia wimbo ukikatika nyuma ya mgongo wake.

Deodata aliambiwa kama inavyotakiwa, ameketishwa, ameshikwa huku na huku. Kilio chake kilisikika mpaka dukani. Alipopata pumzi, aligeuka kumtafuta Matiasi aliyesimama karibu na ua.

"Ulijua lini?"

"Barua niliisoma mimi."

"Kabla ya kunifuata?"

"Kabla."

"Nikacheka na wewe. Nikala muwa. Nikamwombea mfu apone, na wewe umenishika mkono! Toka. Nisikuone hapa."

Mzee Bernardo hakupaza sauti. "Nilikutuma siku moja," alisema. "Tumekaa siku tatu tunalia bila mwenye kilio." Juma lililofuata alimrudisha mjomba na posa yake.

Siku arobaini zikapita. Matiasi alipeleka barua za kata, akipita nyumba ile bila kugusa kengele. Alikonda. Aliona kwamba alitenda sawa, na aliona kwamba alimkosea, na mambo hayo mawili hayakukubali kuondokana.

Adhuhuri moja alikuwa ameketi nje ya ofisi ya kata, anaziba tundu la tyubu, alipoona kivuli kimesimama. Deodata alikuwa amevaa nguo nyeusi, amenyoa nywele. Macho yalikuwa yaleyale, ila yamezama.

"Bibi Clotilda alikuja nyumbani," alisema. "Amenieleza aliyokuambia."

"Ndiyo."

"Sitaki ya bibi. Nataka ya kwako. Kwa nini?"

Matiasi aliweka tyubu chini. "Nilipokufikia, kwako Gozbert alikuwa bado hai. Kwangu mimi na baba yako alikuwa amekwisha. Nikaona nikikupandisha, namwua mara ya pili, na safari hii kwa jina lako. Sikuwa na kitu kingine cha kukupa, Data. Nilikupa zile siku tatu."

"Hukunipa. Ulizikaa wewe peke yako, mimi nikicheza. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa na wewe barabarani, kumbe uko peke yako."

Matiasi akaokota tyubu, akaipangusa vumbi.

"Baba yako alirudisha posa," Matiasi alisema mwishoni.

"Najua. Nilikuwa jikoni. Nimemwambia jana, kaka yangu hatarudi kukaa kikao cha posa, kwa hiyo kitakaa bila yeye. Amekasirika. Lakini hakukataa." Deodata alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Lakini nina sharti moja, na ukilikataa naondoka sasa hivi."

"Sema."

"Siku nyingine ukiletewa habari ya kifo, uniambie hapohapo uliponikuta. Shambani, sokoni, njiani. Wazee waseme watakavyosema. Hata nikiwa na mtungi kichwani. Hata akiwa ni mtoto wetu."

Lilikuwa neno la ndoa, na Matiasi hakuwahi kuwaza kwamba lingemjia limevaa hivyo.

"Nitakuambia," alisema.

"Hata ukiniona ninacheka."

"Hata ukicheka."

Deodata akaketi kwenye benchi kando yake, kwa mara ya kwanza toka matanga, akamlilia kaka yake kwa sauti mchana kweupe mbele ya ofisi ya serikali. Watu walipita wakatazama. Matiasi hakumwambia anyamaze.