Umeondolewa Kwetu

Mama Pazia wa dirisha la ng'ambo anasema aliona kwa macho yake mawili, hakuhadithiwa. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia, yeye anaanua nguo, akaona taa ya chumba cha Sindano inazima na kuwaka, inazima na kuwaka, kama mtu anayemwita mtu. Kisha ikawa nyekundu. Ikawa ya bluu. Ikawa zambarau, rangi ambayo, kwa maelezo yake, mwanamke mwenye adabu hana kazi nayo. Na katikati ya rangi hizo amesimama mwanamume wa mabega mapana, kavaa koti, hatikisiki, na Sindano amepiga magoti mbele yake anamshikashika pindo.

"Nimekunja nguo zote, nimerudi, bado yupo," alisema Mama Pazia. "Hana hata aibu ya kukaa chini."

Aliyasema bombani, akayasema dukani, na mwisho akampigia simu Cheche mwenyewe, mpenzi wa Sindano, kwa kuwa Cheche ndiye aliyemchomelea mlango wake wa chuma na namba yake alikuwa nayo.

Aliyoyaona yalikuwa kweli yote. Ila hakulielewa hata moja.

Sindano ni fundi cherehani. Alikutana na Cheche kwenye duka la vifaa vya umeme, siku watu wamebanana kaunta kama vitambaa rafuni. Alivaa gauni la kijivu alilolishona mwenyewe, limemkaa, na futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni, ameisahau.

"Nataka taa nyeupe," alimwambia muuzaji. "Nyeupe kweli, siyo hizi za manjano. Nimeshona suruali nyeusi kwa uzi wa bluu, mteja kaninunia mpaka leo."

"Dada mwenye futi," sauti ilisema nyuma yake, "unanipima au unapita tu?"

Aligeuka. Kijana mrefu, ovaroli imetobokatoboka kwa cheche za moto, miwani nyeusi ameipandisha kwenye paji la uso.

"Wewe hupimiki. Umesimama kama nguo iliyokunjwa vibaya."

"Basi ninyooshe." Akachukua boksi dogo kaunta, akamwonyesha. "Chukua hii. Ina nyeupe, ina nyekundu, ina rangi zote. Unaiamuru kwa simu."

"Taa ya kuamrishwa? Mimi mwenyewe wateja wananiamrisha kutwa."

"Ndiyo maana nakwambia upate na wewe wa kumwamrisha."

"Taa, au wewe?"

"Anza na taa."

Akaanza na taa. Cheche alikuja kuifunga mwenyewe, akapanda juu ya stuli, akatoa ile ya zamani kwa kitambaa asiungue, akaweka mpya. Swichi ikabonyezwa harakaharaka, washa zima, washa zima, mpaka taa ikaanza kupepesa, alama kwamba iko tayari kuunganishwa na simu. Programu waliiweka kwenye simu ya Cheche, kwa sababu ya Sindano ilikuwa imejaa picha za magauni ya watu. Sindano akashika simu, akasoma kwa kidole kama alivyofundishwa shule ya msingi.

"Inasema, chagua wifi yako." Akainua macho. "Mimi sina kaka hata mmoja. Wifi nitamtoa wapi?"

Cheche alicheka hadi stuli ikayumba. "Hiyo ni waifai, mama. Ya mwenye nyumba wako."

"Wameandika wifi."

"Haya, wifi. Mimi nina dada mmoja. Ukimtaka awe wifi yako, sema tu, usisubiri simu ikuulize."

Sindano alijifanya anatafuta pini.

Programu ikauliza jina la nyumba. Cheche akaacha kucheka. Kisha akaandika: Kwetu.

"Kwenu wapi? Hapa ni kwangu," Sindano alimtania.

"Niachie tu. Hilo neno sijawahi kulitumia."

Taa ikatulia, nyeupe, na wao chini yake.

Baadaye Cheche akapata kazi mbali, kwenye daraja linalojengwa, kuchomelea vyuma huko juu ambako chini ni maji na mawe. Wakakubaliana jambo moja. Kila jioni akishuka, kabla hata ya kunawa, ataigusa taa kwa simu kutoka huko aliko, igeuke rangi ya chungwa. Maana yake: nimeshuka salama. Sindano angekuwa kwenye cherehani, chumba kinageuka rangi ghafla, mguu unasita kwenye pedali.

"Haya, baba. Nimekuona," huiambia taa.

Hapo ndipo roho yake hushuka na yeye. Kisha simu inalia.

"Umekula, Sindano wangu?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula upepo."

"Njoo basi uoe, ule chakula."

"Nakuja na dada yangu kwenu. Ila sina koti la kuvaa mbele ya wazee."

Sindano alilikamata neno hilo akalificha. Akanunua kitambaa cha bluu nzito, inayokaribia weusi, akaanza kushona kimyakimya. Vipimo alivijua kwa mikono yake. Koti akalivika mwanasesere wake wa kushonea, asiye na kichwa wala miguu, akamsimamisha karibu na dirisha.

Siku ile ya Mama Pazia, mwenye nyumba alibadilisha paswedi ya waifai. Taa ikakatika kwenye waifai. Sindano hakutaka kukaa bila chungwa, akaamua kuiunganisha upya kwa simu yake, akiwa amefuta magauni ya watu kupata nafasi ya programu. Akapanda stuli. Washa zima, washa zima. Simu ikamuuliza: Kifaa hiki kina mmiliki mwingine. Muondoe? Alisoma, akaona ni mambo ya mitambo, akabonyeza Ndiyo. Akasema nitamwambia Cheche akipiga, tuone namna ya kumrudisha. Na kwa kuwa taa ilikuwa imekubali, akalijaribu koti katika kila rangi, nyekundu, bluu, zambarau, aone kama uzi wa pindo unajitokeza. Harusi huwa na taa za kila namna. Alipiga magoti, akashika pindo.

Huko darajani, simu ya Cheche ilitetemeka mfukoni. Maandishi yalikuwa mafupi: Umeondolewa Kwetu.

Usiku alikuwa bado anayatazama, Mama Pazia alipopiga.

Usiku huo Cheche hakumpigia Sindano, naye akadhani ni mtandao wa huko darajani. Alipiga mchana wa siku ya pili, upepo unapuliza ndani ya simu.

"Sindano."

"Abee, mpenzi."

"Umenitoa?"

Sindano alikuwa na pini midomoni. Alidhani anaulizia taa tu. "Nimekutoa, ndiyo. Ilibidi. Ukiwemo wewe haiwezekani."

"Hukuona hata haja ya kuniambia."

"Jambo lenyewe dogo. Kubonyeza tu, likaisha."

Upepo ukapiga. "Na mwenye koti ni nani?"

Sindano akacheka. Siri imevuja, nani kaivujisha? "Mwenye koti utamjua ukija. Kwani humjui? Unamjua sana."

"Sawa. Kaa naye salama."

Upepo ulimeza maneno ya mwanzo, Sindano akasikia "salama" peke yake. Akajibu, "Na wewe, baba," lakini simu ilikuwa imekatika.

Kuanzia hapo Cheche hakupokea. Sindano alipiga asubuhi, akapiga akila, akapiga akiwa na wateja mbele yake wamevaa nguo nusu. Akilini alimwona ameanguka. Alimwona kwenye mawe. Kumbe mtu alikuwa mzima, anapanda na kushuka, na hamwambii.

Aliyekuja ni dada yake Cheche, mwanamke mnene wa maneno machache, skafu nyeusi kichwani. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nimetumwa kuchukua mfuko wa nguo Cheche aliouacha kwako."

"Wifi, kafanya nini? Kaumia?"

"Usiniite wifi. Wewe si ndiye uliyemtoa?" Akamwonyesha picha kwenye simu, yale maneno mafupi.

Sindano aliyasoma kwa kidole, neno moja moja. Akakaa kwenye stuli.

Dada mtu alikuwa amekwisha kumwona aliyesimama dirishani. Akaingia, akamzunguka. "Ndiye huyu mwanamume anayesemwa na Mama Pazia?"

"Ndiye."

Akashika mkono wa kulia wa koti, akashika wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo. Mkono wa kushoto wa Cheche ulivunjika utotoni, ukaunga vibaya, na katika dunia hii wanaojua ni wachache.

"Mungu wangu," dada alisema taratibu. "Ni lake."

Akampigia hapohapo, akamweleza yote: paswedi, taa, koti, mkono. Sindano alisubiri na futi ameiviringisha vidoleni.

"Anasemaje?"

"Anasema amesikia."

"Basi?"

"Basi." Dada akakaa. "Mjomba aliyetulea alimtolea mfuko wake wa nguo nje, kumfukuza, angali mtoto mdogo. Kisha akamwita, samahani, rudi. Akarudi, anafurahi. Akautoa tena. Ule mkono ulivunjika siku hiyo. Tangu hapo hakupaita mahali popote kwetu, mpaka hapa."

Mfuko aliondoka nao.

Sindano akafungua programu. Jina la nyumba akaandika Kwetu, akaalika namba ya Cheche. Huko juu Cheche alivua glovu, akaona maneno mawili, Kubali, Kataa. Habari ya taa aliiamini. Ya koti aliiamini. Kilichomshinda ni kidole: kwamba mtu anayempenda aliweza kumtoa kwa kidole kimoja, huku anawaza pindo, na asijue. Akairudisha simu mfukoni, akashusha barakoa ya kuchomelea.

Jioni ikaja. Ng'ambo pazia lilisogezwa kidogo. Chini ya ile taa nyeupe ya kweli, ambayo chini yake bluu haiwezi kujifanya nyeusi, Sindano alisoma: Ombi limetumwa. Linasubiri jibu. Akaandika chini yake, polepole, asikosee herufi:

"Usije kama huwezi. Kubali tu uiwashe chungwa, nijue umeshuka."

Akaiweka simu juu ya cherehani, akainua uso kuitazama taa.